Shamba Lililopandwa: Timilifu ya Kutendwa katika Vishazi vya Mahali vya Kiingereza

Ndugu msomaji, usishtuke kuona makala ya sarufi katika jarida la uhakiki wa fasihi. Najua wapo watakaosema, "Huyu kapotea njia, haya angewapelekea watu wa isimu." Lawama hiyo naipokea mapema. Lakini nakuomba univumilie, kwa sababu jambo ninalotaka kulieleza limo katika karibu kila insha tunayoandika kwa Kiingereza kuhusu mandhari ya riwaya, na limo pia katika barua zinazoletwa vijijini kwetu. Mimi nililijua kwa gharama. Na gharama yenyewe hakuilipa mwanafunzi. Aliilipa mzee aliyemwamini mwanafunzi.

Nitaanza na mzee huyo, kisha nitaeleza sarufi, halafu nitarudi kwenye uhakiki.

Barua chini ya mwembe

Mwezi Julai 2019 nilikuwa nyumbani kijijini, huku pwani, nimemaliza mwaka wa kwanza wa chuo. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa imepima mashamba ya upande wa chini wa kijiji mwezi Machi kwa ajili ya mradi wake. Sasa ikaleta barua, na barua ilikuwa kwa Kiingereza. Mwenyekiti wa kitongoji akaipeleka kwa babu, na babu akaniita: "Msomi, hebu njoo utusomee." Nikawaamkia wazee watano waliokaa chini ya mwembe, nikaketi, nikafungua. Aya moja ilisema kwamba upimaji ulikamilika mwezi Machi. Aya iliyofuata ilikuwa na sentensi hii:

Mfano wa 1: "Compensation will be paid for farms on which permanent crops had been planted."

Sikusita hata kidogo. Nikasema kwa sauti ya kisomi: "Fidia italipwa kwa mashamba yaliyopandwa mazao ya kudumu." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Babu akauliza, "Yaliyopandwa?" Nikajibu, "Ndiyo babu, yaliyopandwa." Basi, ikaisha hapo.

Mwezi Agosti, mimi nikiwa bado najisifu moyoni kwa kazi nzuri, babu aliuza mbuzi wawili, akanunua miche 40 ya minazi na kuipanda katika shamba lake la chini, ambalo lilikuwa limelala kwa muda mrefu. Mwezi Septemba wathamini wakaja. Kijana mmoja akaitazama ile miche, akatikisa kichwa, akafungua barua na kuweka kidole chake juu ya maneno mawili: "had been". Akaeleza kwamba yanayohesabiwa ni mazao yaliyokuwa yamepandwa wakati wa upimaji. Haya ya jana hayamo.

Babu hakunigombeza. Alisema tu: "Mjukuu wangu, ulisema mashamba yaliyopandwa. Langu limepandwa, si hili hapa?"

Sikuwa na jibu. Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba, kwa Kiswahili nilichompa, babu alikuwa sahihi kabisa. Kosa halikuwa la masikio yake. Lilikuwa katika kishazi kimoja cha mahali nilichokitafsiri bila kukiangalia.

Tunazungumzia nini hasa?

Kishazi cha mahali, kwa maana nitakayoitumia hapa, ni kishazi kinachoeleza pahala jambo lilipotendeka au lilipo. Kwa Kiingereza mara nyingi huanza na "where", "in which" au "on which". Katika Mfano wa 1, kishazi hicho ni "on which permanent crops had been planted": kinaeleza mashamba, na kinaeleza nini kilitendwa juu yake.

Timilifu ya kutendwa ni umbo la kitenzi lenye vipande vitatu: kwanza "has", "have" au "had", kisha "been", kisha kitenzi chenyewe katika umbo la tendo lililokwisha, kama "built", "planted", "kept". Kila kipande kina kazi yake. "Been" pamoja na kitenzi cha mwisho hutuambia kwamba kiima ndicho kilichotendwa. Kazi hiyo kwetu hufanywa na -w-. "Has" au "had" hutuambia kwamba tendo limetangulia na matokeo yake yapo. Kazi hiyo kwetu hufanywa na -me-. Kwa hiyo "has been built" ni "imejengwa". Mpaka hapo hakuna shida, na hata mtoto wa sekondari analijua hili.

Tofauti ya "has" na "had" ndiyo iliyonimaliza. Mfikirie mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Timilifu ni kamba: siku zote imefungwa kwenye kigingi fulani cha wakati, na tendo liko upande wa nyuma wa kigingi hicho. Ukisema "has been", kigingi kimesimama sasa, pale msemaji alipo. Ukisema "had been", kigingi kimesimama mahali fulani katika wakati uliopita, na msikilizaji anatakiwa akitafute. Katika ile barua kigingi kilikuwa mwezi Machi, katika aya ya juu. Kama barua ingesema "have been planted", basi, walau kwa kufuata sarufi, mlango ungekuwa bado wazi, na miche ya babu ingeweza kujitetea.

Wakati uliomezwa

Sasa tujiulize: kwa nini mtu anayekijua Kiswahili tangu tumboni, na aliyefaulu Kiingereza, aliumeza wakati huo bila kujua? Kwa maoni yangu sababu imo katika sarufi yetu wenyewe, na si uzembe tu, ingawa uzembe nao ulikuwepo.

Katika Kiswahili sanifu, kirejeshi kinachoingia katikati ya kitenzi hukubali -na-, -li- na -taka-. Twasema "panapojengwa", "palipojengwa", "patakapojengwa". Lakini -me- hukataa kukaa naye. Hakuna asemaye "pamepojengwa". Matokeo yake ni kwamba -li- hubeba mizigo yote. Angalia:

Mfano wa 2: "the room where the boy was locked up"
Mfano wa 3: "the room where the boy has been locked up"
Mfano wa 4: "the room where the boy had been locked up"

Mwulize Mswahili yeyote azitafsiri haraka haraka. Zote tatu atakupa "chumba alimofungiwa kijana". Kiswahili chake hakina kosa. Lakini zile hali tatu si moja. Katika Mfano wa 2 tunajua kwamba kijana alifungiwa, na hatuambiwi lolote juu ya sasa. Katika Mfano wa 3 kijana, kwa kawaida, bado yumo. Ukienda na ufunguo utamkuta. Katika Mfano wa 4 kuna tukio jingine la baadaye tunalolitazamia: polisi walifika, mama alirudi, moto ulizuka, na kabla ya hapo kijana alikuwa amekwisha kufungiwa. Kwa mhakiki wa riwaya ya upelelezi, tofauti hizo ndizo kisa chenyewe!

Je, Kiswahili hakina njia? Kinayo, tena mbili. Ya kwanza ni amba-, ambayo humwachia -me- nafasi yake: "chumba ambamo kijana amefungiwa". Ya pili ni kutumia kitenzi kisaidizi: "chumba alimokuwa amefungiwa kijana". Njia ya kwanza inamfaa "has been". Ya pili inamfaa "had been". Sasa turudi chini ya mwembe. Nilipaswa kusema: "Fidia italipwa kwa mashamba ambayo wakati wa upimaji yalikuwa yamekwisha kupandwa mazao ya kudumu." Ndefu, ndiyo. Lakini ingeokoa mbuzi wawili.

Wapo wanaoichukia amba- na kuiita mzigo katika sentensi. Mimi pia niliambiwa hivyo shuleni, nikaikwepa kama ukoma. Siku hizi naiheshimu. Pale ambapo wakati una uzito, amba- si pambo.

Aliyezikwa na anayezikwa

Hatari ya pili inatoka upande wa pili. Tukitoka Kiswahili kwenda Kiingereza, tunaitumia timilifu mahali ambapo Waingereza hawaitaki. Sababu ni kwamba -me- yetu ina kazi mbili. Hueleza tendo lililokwisha, kama "amefika", na hueleza pia hali iliyopo, kama "amelala", "amesimama", "amekaa". Kiingereza hugawa kazi hizo.

Chukua mfano wa Mwalimu Nyerere, ambaye sisi wa fasihi tunamkumbuka pia kama mfasiri wa tamthilia mbili za Shakespeare. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama mwezi huohuo. Kwa Kiswahili leo hii naweza kusema "Mwalimu amezikwa Butiama", na hakuna atakayeshangaa. Mwanafunzi mwenzangu mmoja aliandika hivi katika insha yake:

Mfano wa 5: "Nyerere has been buried at Butiama."

Mwalimu wetu akachora mstari mwekundu. Mwenzangu akalalamika kwamba ameonewa, maana vipande vyote vitatu vya timilifu vipo. Kweli vipo. Tatizo ni kwamba sentensi hiyo ni ya mtangazaji wa redio jioni ya mazishi. Inatoa habari mpya. Ukiiandika miaka mingi baadaye, msomaji wa Kiingereza anashtuka: kwani azikwe mara ngapi? Kwa hali iliyopo, Kiingereza husema "is buried". Kwa tukio lenye tarehe yake, husema "was buried in October 1999". Na hapa iko kanuni isiyo na huruma: timilifu ya "has" haikai pamoja na tarehe iliyokwisha pita. Huwezi kuandika "has been built in 1961". Ukitaja mwaka, kigingi cha sasa kimeng'olewa, basi sema "was built".

Kwa hiyo ukieleza mahali palipo, jiulize maswali matatu. Je, naeleza hali tu? Tumia "is". Je, naeleza tukio na siku yake? Tumia "was". Je, naeleza badiliko ambalo athari yake inaonekana kutoka pale niliposimama? Hapo ndipo "has been" inapostahili.

Mahali pakiwa ndipo pa kusemwa

Kiswahili kina ukarimu mmoja ambao Kiingereza hakina: mahali panaweza kuwa kiima. Twasema "Kijijini pamejengwa shule", "Mjini kumeletwa maji", "Chumbani mmewekwa vitanda". Kitenzi kinapatana na mahali, si na shule wala maji wala vitanda. Mtu aliyezoea ukarimu huo huandika:

Mfano wa 6: "In the village it has been built a school."

Hiyo "it" imetoka wapi? Ni pa- ya "pamejengwa" iliyovaa kaptura ya Kiingereza. Mwandishi anahisi kwamba mahali panadai kiima chake, basi anapachika neno. Kiingereza cha kawaida kitasema "A school has been built in the village", au kitaanza na mahali lakini kiima kibaki shule: "In the village a school has been built." Mpangilio wa kumtanguliza kitenzi, "On this hill has been built...", upo pia, lakini ni wa maandishi mazito na hutaka kiima kirefu kinachostahili kungojewa. Usiuvae kila siku kama joho la mahafali.

Kiingereza kikitaka kweli kupafanya mahali kiima, kina hila yake: kinakiacha kihusishi mwishoni.

Mfano wa 7: "This bed has been slept in."

Wengi wetu tunakiona kihusishi hicho kama mkia usio na kazi, tukaukata, tukaandika "This bed has been slept". Kumbe mkia huo ndio uhai wa sentensi. Linganisha na kwetu: "Kitanda hiki kimelaliwa." Hatusemi "kimelalwa". Ile -i- ya kutendea iliyomo katika "laliwa" ndiyo inayofanya kazi ya "in". Vivyo hivyo "kiti kimekaliwa", "nyumba imehamiwa". Ukishaona kwamba -i- yetu na kihusishi chao ni ndugu, hutakisahau tena.

Tena tazama jambo la kupendeza. Sentensi ya namna hiyo hukubalika vizuri pale ambapo mahali penyewe pamebaki na alama. Kitanda kilicholaliwa kinaonyesha mikunjo ya shuka. Lakini ukisema kijiji kizima "has been slept in", watu watacheka, kwa sababu kijiji hakibaki na mikunjo. Kwa hiyo timilifu ya kutendwa katika mambo ya mahali hutuonyesha nyayo. Mhakiki makini anapoiona anauliza: nyayo ziko wapi, na ni za nani?

Nani aliyejenga mahakama ya Umuofia?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya nilete makala haya hapa. Tuchukue riwaya ambayo wengi wetu tumeisoma, Things Fall Apart ya Chinua Achebe, iliyotoka mwaka 1958. Kwa waliyoisoma kwa Kiswahili, ipo tafsiri ya Clement Ndulute, Hamkani si Shwari Tena. Okonkwo anaua kijana kwa bahati mbaya, anakimbilia Mbanta, kijiji cha upande wa mama yake, anakaa huko miaka saba. Anaporudi Umuofia anakuta kanisa, anakuta serikali, anakuta mahakama, anakuta duka la kununulia mawese na kokwa zake. Pahala ni palepale, lakini pametendwa mambo.

Insha zetu nyingi husema:

Mfano wa 8: "When Okonkwo returns, a court has been built in Umuofia."

Kwa upande wa wakati, sentensi hii ni safi. Desturi ya uhakiki wa Kiingereza ni kusimulia yaliyomo katika riwaya kwa wakati uliopo: Okonkwo "returns", si "returned". Kigingi kimewekwa pale anaporudi, na ujenzi uko nyuma yake, kwa hiyo "has been built" ndiyo yenyewe. Ukiamua kusimulia kwa wakati uliopita, "returned", basi kigingi kinahama na unalazimika kusema "had been built". Kosa letu kubwa ni kuchanganya: "When Okonkwo returned, a court has been built." Hapo mbuzi ana vigingi viwili, na kamba itakatika.

Lakini wakati ukishanyooka, bado kuna swali la mtendaji. Umbo la kutendwa hutupa ruhusa ya kutomtaja. Je, Achebe aliitumia ruhusa hiyo? Rudi ukasome sehemu ile ya kurudi kwa Okonkwo. Achebe anaeleza ujenzi wa mahakama kwa kauli ya kutenda: wazungu ndio waliojenga. Duka vilevile, mzungu ndiye aliyelijenga. Hata kanisa la udongo mwekundu, linapobomolewa baadaye, msimulizi anatukumbusha kwamba Bwana Brown ndiye aliyekuwa amelijenga. Mwandishi amemtaja mtendaji kila mara, halafu sisi wahakiki tunakuja na "has been built" na kumfuta. Tunaifanya mahakama iote kama uyoga baada ya mvua. Riwaya inayotuonyesha mkono, insha yetu inaukata.

Mfano mwingine unauma zaidi. Okonkwo anapokimbia, boma lake linateketezwa. Mwanafunzi anaandika:

Mfano wa 9: "The compound where he lived has been burnt down."

Na nani? Katika riwaya walioteketeza ni watu wa ukoo wake, na miongoni mwao yumo Obierika, rafiki yake mkubwa. Hawana chuki naye. Wanaisafisha ardhi iliyotiwa unajisi kwa damu ya mtu wa ukoo. Kisha Obierika huyohuyo anakaa na kujiuliza kwa nini mtu ateseke hivyo kwa kosa ambalo hakulikusudia. Ukisema "has been burnt down" ukaishia hapo, umempoteza Obierika, na ukimpoteza Obierika umepoteza swali ambalo riwaya inaliuliza juu ya mila zenyewe. Msomaji wako atadhani pengine wazungu ndio waliochoma. Wakati huo wazungu bado hawajafika Umuofia.

Sisemi kwamba kauli ya kutendwa ni dhambi. Ina heshima yake. Ukitaka kuonyesha macho ya mtu anayerudi, aliyeyakosa matendo na sasa anakutana na matokeo tu, hakuna umbo linalokufaa kuliko hili. Okonkwo hakuona tofali hata moja likiwekwa. Yeye ameona mahakama imekwisha simama. Mfano wa 8 unatupa macho yake. Ninachodai ni kwamba sentensi ya pili imfuate mara moja na kumtaja aliyejenga. Tuone kama Okonkwo, kisha tujue kama Achebe.

Hapa Kiswahili kinatusaidia tena, kwa sababu kinatofautisha "boma limechomwa" na "boma limeungua". "Daraja limevunjwa" na "daraja limevunjika". Ya kwanza ina mkono uliojificha. Ya pili haidai mkono wowote. Kiingereza nacho hutenganisha "has been broken" na "has broken". Mhakiki anayechagua kati ya hizo mbili anatoa hukumu, apende asipende. Ukiandika kwamba kijiji "has fallen apart", umesema kimesambaratika. Ukiandika kwamba "has been torn apart", umesema kimesambaratishwa, na msomaji ana haki ya kukudai jina.

Tufanyeje basi?

Naomba nisijifanye mwalimu, kwani rekodi yangu ya mbuzi wawili mnaijua. Lakini haya ndiyo ninayoyafanya siku hizi kila ninapokutana na kishazi cha mahali chenye timilifu ya kutendwa, nikiwa nasoma au nikiwa naandika.

Kwanza, natafuta kigingi. Nikiona "had been", sisongi mbele mpaka nijue ni kabla ya tukio gani. Mara nyingi jibu haliko katika sentensi ile. Liko katika aya iliyotangulia, kama lilivyokuwa katika barua ile.

Pili, naangalia kama kuna tarehe. Ikiwepo, "has been" inaondoka.

Tatu, naikagua tafsiri yangu. Nikijikuta nimeandika "palipo-", "alimo-" au "yaliyo-", najiuliza: je, nimemeza wakati? Kama nimemeza, namwita amba- au "-kuwa -me-" anisaidie.

Nne, namtafuta mtendaji. Kama matini inamtaja, nami namtaja. Kama matini imemficha, basi kumficha kwenyewe ni jambo la kuhakikiwa: kwa nini mwandishi, au kampuni, au serikali, inasema "imefanywa" bila kusema na nani?

Hitimisho

Kuna watu wanaodhani kwamba sarufi ni ya kusahihishia na fasihi ni ya kufurahia, na kwamba mtu wa uhakiki anaweza kuwa mkubwa huku hajui tofauti ya "has" na "had". Nami nilikuwa mmoja wao. Leo naamini kwamba anayesoma mandhari ya riwaya anasoma mahali palipofanyiwa kitu, na watu fulani, kabla ya wakati fulani. Akipoteza wakati, anapoteza mpangilio wa kisa. Akimpoteza mtendaji, anapoteza lawama na haki. Na vyote viwili hupotea katika maneno mafupi sana ambayo jicho huyaruka.

Minazi ya babu haikulipwa fidia. Mradi wenyewe baadaye haukulifikia shamba lake, na miche ile, ile iliyoshika, sasa ina urefu wa kunipita. Nilipokwenda likizo ya mwisho alinipeleka kuiona. Nikamwambia, "Shikamoo babu, hapa pamependeza." Akaitikia marahaba, akagonga shina moja kwa bakora yake, akasema: "Sasa niandikie kwa Kizungu kwamba hapa pamepandwa. Na aliyepanda umtaje."

Nikamwandikia palepale, nyuma ya daftari: "Coconut palms have been planted here by my grandfather." Hakuelewa neno hata moja. Lakini aliniuliza lipi kati ya yale lilikuwa yeye, nikamwonyesha, akaridhika.